Hesabu Kwanza, Betri Baadaye

Suala la kufunga umeme wa jua na betri za lithiamu katika vyombo vya majini limekwisha kutoka katika vitabu vya wataalamu na kuingia mialoni na madikoni. Mvuvi wa Ukerewe analizungumza, nahodha wa Mafia analizungumza, na maofisa wa halmashauri wanaletewa maombi ya mikopo ambamo neno sola limeandikwa kwa wino mzito. Sisi tunaliunga mkono jambo hili kwa moyo mmoja. Lakini kuliunga mkono ni pamoja na kuuliza linafanywaje, nani atalipa likiharibika, na ni nani watakaokuwa ndani ya chombo siku hiyo.

Yawezekana msomaji wa visiwani akauliza watu wa Maisaka, mjini Babati, wamejulia wapi habari za vyombo. Ni kweli kwamba Mkoa wetu wa Manyara hauna bahari. Tunalo Ziwa Babati, ziwa dogo la maji baridi lisilo na kina kirefu, ambalo wavuvi wake huingia kwa mitumbwi ya makasia wakipishana na viboko. Hata hivyo ziwa dogo lina faida yake: hesabu huonekana mara moja. Mtumbwi usiokwenda mbali hauhitaji nguvu nyingi, na mtu anayetaka kuutia taa, redio na mota ndogo anaweza kukaa chini ya mti akaijumlisha haja yake yote. (Viboko, tuseme kwa kupita, ni shauri jingine. Mota isiyo na sauti itamfikia kiboko kabla hajajua kuna mtu, na hilo halimo katika kijitabu cha maelekezo cha kiwanda chochote.) Kwa watu wa visiwani hesabu ni ileile, ila ni ndefu zaidi, na kosa lake ni la gharama kubwa zaidi.

Ndugu zetu wa visiwani hawahitaji kuhubiriwa juu ya thamani ya umeme. Unguja ilianza kupata umeme wa bara mwaka 1980 kwa waya uliopitishwa chini ya bahari. Mfumo huo ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kilikaa gizani kwa miezi mitatu hivi, hadi Machi 2010. Mtu aliyeonja hayo hawezi kulaumiwa akiiona paneli juu ya dari lake kama uhuru mdogo. Wala mvuvi hawezi kulaumiwa kwa kuikimbia petroli. Septemba 2023 bei kikomo ya petroli mjini Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,200 kwa lita, na lita hiyo hata haikuwa imepandishwa chomboni kuvushwa kisiwani.

Upande wa Ziwa Viktoria mageuzi haya yalianza kwa taa. Kwa miaka mingi dagaa walivuliwa usiku kwa mwanga wa karabai, na karabai hula mafuta ya taa kama mtoto alavyo sukari. Baadaye zikaja taa ndogo za umeme zisizotumia nguvu nyingi, zikiendeshwa kwa betri za asidi. Mwaka 2008, upande wa Kenya, katika eneo la Mbita, kampuni moja ya taa ya Ujerumani ilifungua kituo cha umeme wa jua ambako mvuvi alikodi taa na betri iliyojaa, akaenda nayo kuvua, akairudisha asubuhi. Tunawaomba maofisa waukumbuke utaratibu huo, maana tutaurudia: betri haikuwa mali ya mvuvi, na ilipougua haikuwa deni lake.

Sasa betri yenyewe. Betri ya asidi, ile tuijuayo katika magari, haipendi kunyonywa hadi mwisho. Ukitaka idumu, utumie nusu tu ya umeme ulioandikwa ubavuni mwake, na hata hivyo huchoka upesi ikitumiwa kila siku. Lithiamu ni ukoo wenye matawi. Tawi moja limechanganywa na nikeli na kobalti. Ni jepesi sana, lakini likipata joto kupita kiasi huwaka kwa ukali. Tawi jingine ni la chuma na fosfati. Lina uzito zaidi kidogo, lakini ni tulivu, na ndilo linalofaa chomboni. Kila seli yake ni volti 3.2, seli nne zikifuatana hutoa volti 12.8. Betri ya namna hii ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 12 hivi, hutoa sehemu nane katika kumi za umeme wake bila kudhurika, na huweza kujazwa na kutumiwa mara 2,000 na zaidi. Kwa kazi ileile mtu angebeba betri ya asidi ya ampea-saa karibu 200, yenye uzito wa kilo zaidi ya 50. Grafiti, ambayo ni sehemu ya betri hizi, imo katika ardhi yetu ya Ruangwa na Mahenge. Betri tunainunua ikiwa imekwisha kufungwa na wengine. Hilo nalo lingestahili tahariri yake.

Tuchukue chombo cha dagaa chenye taa nne za wati 10, zinazowaka saa 10 kwa usiku. Hizo ni wati-saa 400. Ongeza redio ya mawasiliano na simu, wati-saa 100. Ongeza pampu ya kutoa maji ya ngama kwa nusu saa, wati-saa 20 hivi. Jumla ni 520. Tuseme 600, kwa sababu waya nao hula. Paneli ya wati 200 katika nchi hii yenye jua la kutosha, kwa saa tano za jua kamili na kwa kuondoa hasara za joto, vumbi na vifaa, hutoa wati-saa 700 kwa siku. Betri moja ya lithiamu ya ampea-saa 100 inahifadhi wati-saa 1,280, na hivyo inamvusha mvuvi usiku mmoja na sehemu kubwa ya usiku wa pili hata mawingu yakitanda. Chombo cha dagaa hukesha usiku na kulala ufukoni mchana, basi jua hulikuta limetulia na kulijazia betri. Hesabu hii inakubali. Haina mzaha ndani yake, na kila kikundi cha wavuvi kinachoomba mkopo wa namna hii kingestahili kusikilizwa mapema.

Lakini maombi mengi hayaishii kwenye taa. Yanataka mashine ya petroli iondoke, ikae mota ya umeme, na jua liisukume. Hapa ndipo wauzaji wanapozungumza kwa haraka.

Lita moja ya petroli ina joto la uniti tisa hivi za umeme. Mashine ndogo ya boti hupoteza sehemu kubwa ya joto hilo, na kiasi cha moja ya tano ndicho kinachofika kwenye mhimili wa rafadha. Basi chombo kinachokunywa lita 10 kwa siku kinapata uniti 18 za kazi. Mota ya umeme haipotezi sana, lakini nayo itahitaji uniti 21 kutoka katika betri ili itoe kazi ileile. Paneli ya wati 400, yenye ukubwa wa mita mbili za mraba, hutoa uniti moja na nusu hivi kwa siku njema. Kwa uniti 21 zinahitajika paneli 15, yaani mita 30 za mraba. Boti ya urefu wa mita nane na upana wa mita mbili, hata ukiifunika yote kuanzia omo hadi tezi pasibaki pa kutupia wavu, haifikishi mita 16. Na betri za kuhifadhi uniti hizo 21 ni zaidi ya 16 za ukubwa tuliotaja, uzito wake ukikaribia kilo 200.

Kwa hiyo mtu anayemwambia mvuvi kwamba paneli mbili juu ya chandarua zitaiondoa mashine yake ya petroli kwa safari zilezile na kwa mwendo uleule, ama hajui kuhesabu ama anajua vizuri sana.

Hatusemi kwamba mota ya umeme haina kazi. Maji yana kanuni yake: chombo cha kawaida kikipunguza mwendo kwa nusu, nguvu kinayotaka kwa kila saa hushuka hadi kufikia moja ya nane hivi. Safari itachukua saa maradufu, lakini umeme utakaotumika kwa masafa yaleyale utakuwa robo. Mtu anayevusha watu kati ya mialo miwili iliyo karibu, au anayekagua mitego yake ndani ya ghuba, au mvuvi wa Ziwa Babati, anaweza kwenda polepole na asipoteze kitu. Mwenye kukimbiza samaki sokoni Mwanza kabla barafu haijayeyuka hawezi. Ni kazi ya chombo inayochagua mota, na wala si bei ya mota inayochagua kazi.

Wenye uzoefu mkubwa zaidi katika jambo hili wanatufundisha hivyo hivyo. Huko Norwei, kivuko cha magari kiitwacho Ampere kilianza kazi mwaka 2015 kikiendeshwa kwa betri za lithiamu peke yake, kati ya Lavik na Oppedal, mwendo wa dakika 20 hivi. Hakisukumwi na paneli juu ya paa lake. Huchajiwa gatini, pande zote mbili. Na kwa kuwa gridi ya vijiji vile haikuweza kutoa umeme mwingi kwa ghafla, ziliwekwa betri nyingine nchi kavu, zikajazwa polepole, ili kivuko kifikapo kizinyonye kwa dakika chache. Taifa tajiri lenye maporomoko ya maji ya kutosha limeona busara kuweka chaji nchi kavu. Sisi tunataka kuibeba yote mgongoni mwa mtumbwi?

Na nchi kavu yetu si tupu. Katika kijiji cha Bwisya, kisiwani Ukara, umeme wa jua wa kampuni ya Jumeme ulianza kuwaka mwaka 2016. Bei ya uniti ililalamikiwa, na serikali ikaingilia ishuke. Mjadala huo ulikuwa wa haki kwa pande zote, kwa maana mtambo usiolipa gharama hufa, na mwananchi asiyeweza kulipa hubaki na kibatari. Lakini jambo moja lilionekana: kisiwa kinaweza kuwa na uwanja wa paneli ambao hautikiswi na mawimbi, unaofutwa vumbi na kijana aliyeajiriwa, na ambao betri zake ziko chini ya paa. Ushirika wa wavuvi ukiwa na kituo kama hicho, mvuvi atalipia umeme alioutumia, kama alivyofanya yule wa Mbita, badala ya kubeba deni la betri 16.

Kuna mambo ya ufungaji ambayo tunayataja kwa kirefu, kwa sababu ndiyo yanayoua. Betri isikae kwenye ngama wala karibu na dumu la petroli. Iwe ndani ya sanduku lililoinuliwa, lenye kupitisha hewa, lililofungwa kwa mikanda isiyolegea chombo kikiyumba. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Tumeelezwa na mafundi kwamba hupenda kuiweka mbali, panapofikika kwa urahisi, na hivyo kipande kirefu cha waya kinabaki bila mlinzi. Waya wa shaba uwe umepakwa bati, kwa kuwa hewa ya chumvi huila shaba tupu. Mota kubwa isifungwe kwa volti 12: nguvu ya wati 3,000 kwa volti 12.8 inadai ampea 234, waya mnene kama kidole na viungo vinavyochemka, lakini kwa volti 51.2 ni ampea 59 tu. Kidhibiti cha chaji kiwe ni cha lithiamu. Kile cha betri za asidi kina desturi ya kupandisha volti kupita 15 ili kuikoroga asidi, na dawa hiyo ya mmoja ni sumu kwa mwingine. Ndani ya betri lazima iwepo bodi ya ulinzi inayokata umeme seli moja inapozidi au kupungua. Na kwenye jahazi au dau paneli zisifungwe panapoangukiwa na kivuli cha mlingoti na tanga, kwa sababu paneli zilizofuatanishwa ni kama watu waliofungwa kamba moja. Mmoja akisimama, wote husimama.

Ikiwa yupo anayedhani tunatia chumvi, atazame tena Norwei. Oktoba 2019 moto ulizuka katika chumba cha betri cha kivuko kiitwacho Ytterøyningen. Ulidhaniwa kuwa umedhibitiwa. Asubuhi yake ukatokea mlipuko, na wazimamoto kadhaa wakapelekwa hospitali kwa sababu ya gesi. Hakufa mtu, kwa kuwa chombo kilikuwa gatini, chenye kuta za chuma, na wazimamoto walikuwa karibu. Chombo cha mbao katikati ya mkondo kati ya Mafia na Rufiji hakina hata kimoja katika hivyo vitatu.

Uzito nao hausameheki. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichojengwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na gati la Bwisya hiyo hiyo tuliyoitaja kwa taa zake. Kilikuwa na watu zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, na zaidi ya 220 wakafariki. Halikuwa shauri la betri. Lakini anayeingiza kilo 200 za betri chomboni amewaingiza watu watatu wazima ambao hawashuki gatini, na idadi ya abiria iliyoandikwa kwenye leseni haina budi kupungua kwa kiasi hicho. Kama betri zimewekwa juu, chini ya chandarua, chombo kimelewa kabla ya kuondoka.

Limebaki jambo la vipimo. Betri iliyoandikwa ampea-saa 100 ikifunguliwa na kukutwa na seli za ampea-saa 60, zilizokwishatumika ng'ambo na kuvishwa ganda jipya, huo ni wizi wa mizani. Sisi tuliopita chuoni kabla ya kufika shule ya serikali tunajua kwamba katika Kurani Tukufu iko sura nzima, ya 83, iliyoitwa kwa jina la wapunjao vipimo. Pishi ya mchele mwananchi huiona kwa macho ikipungua, ampea-saa haioni. Ndiyo sababu mwananchi ana serikali. Shirika la Viwango Tanzania kwa bara, na Taasisi ya Viwango kwa Zanzibar, wana wajibu wa kuipima betri kwa kuijaza na kuimaliza, na wasitosheke na kusoma karatasi yake. Hali kadhalika TASAC, na Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, wakaguapo chombo wafungue na sanduku la betri.

Kwa upande wa bara mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023, ilirejeshwa mwaka 2024. Zanzibar nayo imekuwa ikikopesha boti chini ya mpango wake wa uchumi wa buluu. Fedha hizi ni amana. Kikundi cha akina mama wa mwambao kikikopeshwa mota na betri zisizotosha safari, petroli itarudi baada ya mwezi, betri itauzwa kwa bei ya hasara, na marejesho yatadaiwa vilevile. Tunazo sababu za kuwaambia viongozi wenzetu wa Chama kwamba picha ya makabidhiano, yenye utepe na makofi, haiwezi kutajwa kama kazi iliyofanyika mpaka chombo kimemaliza masika moja na kaskazi moja kikiwa bado kinalipa.

Rai yetu ni kwamba mkopo wa taa, redio na pampu utolewe kwa kila chombo kinachofaa, bila kuzungushana. Mkopo wa mota ya umeme upewe ushirika wenye kituo cha chaji nchi kavu, au safari ambayo kwa hesabu imethibitika kuwa fupi na ya polepole. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, wenye vyuo vyake Mbegani, Nyegezi na kwingineko, pamoja na VETA, wafundishe mafundi wa kazi hii, na fundi asaini alichokifunga.

Na kila ombi liambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili uliojazwa na mwombaji mwenyewe pamoja na fundi: taa ngapi na kwa saa ngapi, lita ngapi za petroli kwa siku, safari ya umbali gani, mita ngapi za mraba za kuweka paneli, kilo ngapi zinaongezwa na abiria wangapi wanapunguzwa. Mtu aliyemaliza darasa la saba anaweza kuujaza. Halmashauri ya Mji wa Babati, yenye ziwa dogo la kujaribia, ingeweza kuutunga ukurasa huo mwaka huu na kuupeleka Ukerewe na Mafia, ili wao wenye maji makubwa waukosoe.